Kanda Tuliyoizima Katikati

Kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kutoka nje nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo, ikianza. Watu wa nyumbani wamenizoea. Iwe harusi, iwe sherehe ya mtu kufaulu mtihani, mpigaji akishakaa kwenye kigoda chake, akavaa pete yake ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuanza kuigongesha kwenye mti wa ala, mimi nakumbuka kwamba kuna sufuria jikoni inayohitaji kuangaliwa. Shemeji zangu hudhani ni bidii. Wengine hudhani ni wokovu. Si bidii wala si wokovu, ni tumbo. Sauti ile ilikuwa ikinikaza tumbo tangu nikiwa na miaka tisa, na sababu yake sikuwahi kumwambia mtu hadi mwaka huu, baada ya kumzika Baba.

Wageni walikuwa wameshaondoka, viti vya kukodi vimerudishwa, na tulikuwa tumebaki mimi na Mama tukipanga vitu nyumbani Migori. Nilifungua sanduku lake la bati ili nitoe blanketi. Harufu iliyonipokea ilikuwa ya vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine hafifu, ya majani ya tumbaku, ambayo vitu vya kwao Ntimaru havikuwahi kuiacha. Chini kabisa, ndani ya leso iliyofungwa mafundo mawili, kulikuwa na kanda ya kaseti. Niliijua kabla sijaifungua.

Mama alikuwa amekaa kitandani. Akaitazama kanda mkononi mwangu, akasema, "Kumbe hiyo bado iko," utadhani si yeye aliyeifunga.

Nieleze kwanza nyumba yetu ilivyokuwa. Baba alikuwa Mjaluo wa upande wa Oyugis, Mama Mkuria wa Ntimaru. Walikutana sokoni Migori, Mama akiuza ndizi na wimbi, Baba akitengeneza baiskeli chini ya kibanda cha mabati. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo walichumbiana kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha soko, na hicho ndicho kilichowalea na kutulea sisi. Kwa majirani Kiswahili kilikuwa cha chifu, cha mwalimu na cha wageni. Kwetu kilikuwa cha kuulizana kama chumvi imetosha. Baada ya miaka kumi Mama alijua Kijaluo cha bei na salamu, pamoja na matusi mawili matatu ya kujikinga. Baba alijua Kikuria cha kuwaamkia wakwe, basi. Mimi nilivijua vyote viwili kwa kadiri ya mtoto anayecheza nje, na kwa ajili hiyo nilijiona mtu mkubwa sana. Mgeni wa upande wowote akifika, nilikuwa naitwa hata kama niko chooni. "Kuja utuambie huyu anasema nini."

Baba hakuwa mtu wa maneno. Angeweza kushinda siku nzima na tairi, gundi ya viraka ikimnukia hadi kwenye nywele, na neno alilolisema likawa moja tu, "Leta maji." Lakini muziki aliupenda. Redio kaseti yetu ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa alichokifuma Mama, na kila Jumapili baada ya misa Baba aliweka kanda, akakaa kwenye kiti chake, akafumba macho, kidole kikigonga paja. Mama alikuwa Msabato na alikuwa na sheria zake. Ijumaa jua likianza kushuka, redio inafungwa, na haiguswi hadi Jumamosi jua litue. Hata siku nyingine alisema ule ni muziki wa dunia. Lakini nilikuwa namwona akichambua mchele mlangoni huku mguu unacheza. Ukimwambia, anasema ni siafu.

Basi kukawa na harusi Oyugis, ya binamu yake Baba, na ilikuwa Jumamosi. Mama hangeweza kuacha Sabato, akatuma ndizi mkungu mzima na salamu. Baba akaenda peke yake. Jumapili alirudi na kanda moja isiyo na jina, akaiweka mezani kando ya chupa ya chai. Kulikuwa na mtu aliyerekodi sherehe.

"Hii ni ya nyumba," akasema. "Mtaisikiliza."

Kisha akachukua kofia yake akaenda kibandani, Jumapili mchana, siku ambayo hakuwahi kushika spana tangu nizaliwe. Wakati ule sikuona ajabu. Leo najua alikuwa anaikimbia aibu yake mwenyewe.

Mama aliosha vyombo, akajipangusa mikono, akaniambia niweke. Tulisikia kuku, mabenchi yakivutwa, wanawake wakipiga vigelegele, kisha nyatiti. Wasioijua sherehe ya Wajaluo niwaambie kwamba nyatiti huwa haipigwi ikaachwa ijiendee. Katikati ya wimbo mtu husimama, akamzuia mpigaji, akajisifu. Hiyo inaitwa pakruok. Anajitaja yeye ni nani, ni mume wa nani, shemeji wa nani, rafiki wa nani, kwa maneno ya kuzungukazunguka na ya utani, watu wanacheka, anamtunza mpigaji, na muziki unaendelea hadi mwingine asimame. Mtu ambaye nyumbani ni bubu, hapo utamsikia ni kinanda.

Watu wawili watatu walijisifu. Kisha nyatiti ikanyamaza tena, na sauti iliyofuata ilikuwa ya Baba.

Mimi na Mama tuliangaliana. Alikuwa akipaza sauti, akicheka, akivuta maneno, mtu ambaye kwetu alikuwa akiomba chumvi kwa kidole. Mama alijirekebisha leso kichwani kana kwamba mwenyewe ameingia ndani. Kijaluo chenyewe kilikuwa cha ndani na kinaenda mbio, si kile cha sokoni.

"Anasema nini?" akaniuliza, na uso wake ulikuwa na furaha.

Nikumbuke sawasawa alichokisema, maana nimekibeba miaka yote. Alisema yeye ni mume wa msichana wa Kabondo, mikaya, yaani mke wake wa kwanza, aliyeolewa naye kabla yeye Baba hajajua kufunga kaptula, aliyemlisha uji kwa mkono wake, ambaye mdomoni hana hata jino moja na bado anauma. Pale kwenye jino watu wa kwenye kanda walicheka sana.

Nami nikatafsiri. Nikasema, "Anasema yeye ni bwana ya msichana wa Kabondo. Mke wake wa kwanza. Walioana kitambo. Alikuwa anamlisha uji."

Ile ya kaptula sikuielewa, nikaigeuza kuwa kitambo. Ile ya meno niliielewa na nikaiacha. Kusema hadharani kwamba mtu hana meno niliona ni utovu wa adabu, na sikutaka Mama amfikirie Baba vibaya.

"Mke wa kwanza," Mama akasema.

"Ndiyo. Mikaya."

"Umesikia vizuri?"

"Nimesikia."

Akanyoosha mkono akabonyeza kitufe. Redio ikanyamaza. Nilikaa pale nikingoja kusifiwa. Siku nyingine nikitafsiri vizuri alikuwa ananipa sukari guru kipande, na nilikasirika kidogo alipoinuka akaenda nje bila kunipa.

Nusu ya darasa letu walikuwa na mama mkubwa na mama mdogo, kwa hiyo sikuona jambo kubwa. Nadhani hata Mama, kilichomkata hakikuwa mke mwingine. Ni kwamba aliishi na mtu miaka kumi katika chumba kimoja na nusu, na habari hiyo ikamfikia kwa kanda, kwa mdomo wa mtoto.

Kesho yake asubuhi alimfunga mdogo wangu mgongoni, akajitwika sanduku la bati, akaniambia anaenda kumwona mama yake. Soko zima lilimwona akipita na sanduku. Baba aliambiwa akiwa kibandani, na saa sita alikuwa amesimama mlangoni na spana bado mkononi.

"Mama ameenda wapi?"

"Kwao."

Akaangalia mezani, akaangalia redio. Kanda haikuwepo. "Mliisikiliza ile kitu?"

"Tuliisikiliza."

"Yote?"

Nilidhani ananipima. Watu wazima wote walikuwa wakiniuliza hivyo. Umekunywa dawa yote? Umefagia yote? Na jibu lilikuwa moja tu, la kukuepusha na fimbo.

"Yote," nikasema.

"Na Mama alisema nini?"

"Hakusema kitu."

Aliitikia kwa kichwa pole pole, kama mtu aliyeulizwa kama anaelewa akasema anaelewa. Akaenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu, na chakula hakula.

Hapo ndipo nilipomwumiza Baba, na sikujua. Nilijua tu kwamba nimesema uongo mdogo na kwamba nyumba imenyamaza. Alipika ugali ukaungua, tukaula hivyo hivyo. Redio hakuigusa. Shule zilipofungwa alishindwa kuniacha peke yangu, akanipeleka Oyugis kwa Dani, nyanya yake. Mama yake Baba alikufa Baba akiwa bado ananyonya, na huyu Dani ndiye aliyemlea. Nilikuwa nimepelekwa kwake nikiwa mchanga, sikumkumbuka.

Tulimkuta ameketi kwenye ngozi mlangoni, mdogo, amekunjamana. Jirani akapiga kelele kutoka ng'ambo ya ua, "Nyar Kabondo, wageni wako wamefika?" Msichana wa Kabondo, ndivyo walivyomwita, kwa kuwa aliolewa kutoka huko. Nikasimama pale pale kwenye lango.

Dani akanishika mikono yote miwili. "Nyieka," akasema. Mke mwenzangu. "Umekuja kuninyang'anya bwana?" Kisha akamgeukia Baba. "Na bwana yangu amekonda. Huyo mke mdogo hakupi chakula?" Baba, ambaye sikuwa nimemwona akitabasamu kwa wiki tatu, alichuchumaa mbele yake, na yule bibi kizee akachukua kibuyu cha uji akakishikilia mdomoni mwake kana kwamba ni mtoto. Dani akacheka, na mdomo wake ulikuwa ufizi mtupu.

Ni utani wa kila nyanya na mjukuu. Hata Wakuria wanao. Kama ningemtajia Mama yale meno, angeelewa papo hapo, na pengine angecheka hadi chai imwagike. Mimi nilienda nyuma ya nyumba, kwenye migomba ya Dani, nikatapika.

Kwa Baba sikuweza kusema. Nilisema tu namtaka Mama, nikalisema asubuhi na jioni hadi akachoka. Siku ya soko tukapanda gari la kwenda Ntimaru. Tulipofika madukani, akasimama. Mkwe haingii boma la wakwe kufuata mke aliyeondoka mwenyewe, bila kuitwa.

"Nenda. Njia unaijua," akasema. "Mwambie..." Akaangalia kofia yake. "Mwambie baiskeli ya mjomba wake iko tayari."

Mama alikuwa ameketi na wanawake wawili wakitunga majani ya tumbaku kwenye fito, mikono yao myeusi kwa utomvu. Nilimvuta kando nikamwambia yote kwa pumzi moja. Dani, Kabondo, uji, mke mwenza.

"Hana meno?" akauliza.

"Hata moja. Baba alisema hata kwa kanda."

"Na mbona hukuniambia?"

"Niliona ni tusi."

Mama alianza kucheka. Alicheka akashika nguzo ya kibanda cha tumbaku, akacheka hadi wale wanawake wakageuka, na mahali fulani kicheko kikageuka kikawa kingine, akawa anajipangusa macho kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na utomvu. Kisha akaniinamia.

"Hii maneno inaishia hapa. Umesikia? Baba yako asijue. Watu wakisikia nilibeba sanduku kwa sababu ya bibi kizee, nitaweka uso wapi?" Akavuta pumzi. "Yuko wapi?"

"Kwa maduka."

"Amekula?"

Baba alituona tukishuka njia. Akaja, akampokea sanduku, akamuuliza kama amechoka. Mama akasema hajachoka. Ndiyo maneno pekee niliyoyasikia hadi tukafika Migori. Mimi nilikuwa na furaha, nikadhani imeisha.

Haikuisha, ila sikujua ni nini. Kanda ilibaki ndani ya sanduku na funguo zikabaki kiunoni mwa Mama, kwa sababu kuiona tu kulimrudishia aibu. Baba hakuiulizia. Hakununua kanda nyingine, wala hakusimama tena kwenye sherehe ya mtu. Redio ilibaki ya habari na matangazo ya vifo. Jumapili alikaa kwenye kiti kile kile, macho wazi, mikono kimya. Walipendana, nisiwadanganye. Alimnunulia viatu, Mama alimpigia pasi mashati hadi yakang'aa. Lakini Baba akawa na tabia ya kumwangalia Mama akitoka, hata akienda kisimani, na hatulii hadi arudi. Nilidhani ndivyo waume walivyo.

Sasa turudi kitandani pale, mimi na kanda mkononi.

"Unafikiri bado inalia?" Mama akauliza.

Nilitembea hadi kwa fundi wa redio sokoni, nikamwomba mashine ya kaseti kwa siku moja. Alinicheka kwanza. Niliporudi Mama alikuwa amevaa leso safi. Nikaiweka juu ya meza, nikabonyeza, nikajizuia kuinuka kwenda jikoni.

Kuku. Mabenchi. Nyatiti. Nilikuwa nimesahau inavyoanza, jinsi mpigaji anavyopapasa nyuzi kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, halafu mara mlango uko wazi na umeshaingia. Nilikuwa nimesahau ile pete ya chuma, inavyogonga chini huku nyuzi zikienda zake juu, na sauti ya mpigaji ikipita katikati bila haraka. Mungu wangu, ni kitu kizuri. Nilikuwa nimejinyima kitu kizuri hivyo karibu maisha yangu yote, nikisugua masufuria ya watu. Mguu wa Mama ulikuwa unacheza. Baba aliposimama na kumsifu mke wake asiye na meno, tulicheka wote wawili, tukamcheka hadi machozi, na tumbo langu likalegea.

Kukawa na mkwaruzo pale Mama alipoizima. Kanda ikapita. Nyatiti ikaendelea dakika moja hivi, kisha Baba akaizuia tena, na safari hii hakusema Kijaluo.

"Simamisha hapo. Sasa naongea Kiswahili, mnivumilie, kwa sababu hii kanda inaenda Migori na mwenyewe nataka asikie bila mkalimani. Hiyo ya kwanza ilikuwa ya Dani, mnamjua. Hii ni ya nyumba yangu. Mimi ni bwana ya msichana ya Ntimaru. Leo hakukuja, ako kanisa, ananiombea. Nyinyi mliniambia bibi ya lugha ingine hakai. Mlisema siku moja atajitwika sanduku arudi kwao. Huyu? Huyu hawezi kuniacha. Mimi natembea kwa barabara kifua mbele kwa sababu najua nikirudi nitamkuta. Mpigaji, endelea, mimi nimemaliza."

Vigelegele, kicheko, nyatiti.

Mama hakusogea. Wimbo uliisha, mwingine ukaanza. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejifariji, "Afadhali alijua sikuisikia. Aliona tu nimeondoka."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza tangu nikiwa na miaka tisa, na sasa Baba yuko chini ya udongo, nani angejua. Lakini nilikuwa nimeshawahi kumfichia Mama meno, nikaona yaliyofuata.

"Mama, aliniuliza kama tulisikiliza yote. Nilimwambia ndiyo."

Aligeuza kichwa akanitazama. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, na nilingoja kofi.

"Kwa hivyo alisimama pale kwa maduka akijua nilisikia."

"Ndiyo."

"Nilisikia hayo yote, nikabeba sanduku."

"Ndiyo, Mama."

"Na akalipokea. Akaniuliza kama nimechoka."

Alilia basi. Kwenye mazishi hakuwa amelia, watu hata walisema. Nililia naye, kwa uchungu na kwa aibu, nikimwomba msamaha yeye na Baba kwa pamoja, na sijui ni nani kati yao aliyenisikia. Baadaye akapangusa uso kwa pindo la leso, akasogeza kiti karibu na mashine.

"Rudisha," akasema. "Pale anaposema siwezi kumwacha."

Nikarudisha. Baba akasema tena, kifua mbele, kwamba anajua akirudi atamkuta. Mama aliinamia mashine hadi paji la uso likakaribia kuigusa.

"Si nilirudi," akamwambia.